Kabla Hujatia Sahihi Mkataba wa Gemu Yako

Barua pepe ya kwanza ya mchapishaji wa gemu huwa tamu. Wameona video yako, wameipenda, wanaomba mzungumze. Baada ya wiki chache inafika faili ya kurasa ishirini na kitu, Kiingereza cha mawakili mwanzo hadi mwisho, na katikati yake kuna kiasi cha dola kinachoweza kulipa kodi ya mwaka mzima ya nyumba ya Kilimani. Mwongozo huu ni wa siku hiyo. Ni wako wewe unayetengeneza gemu Nairobi, uwe na ofisi Westlands au uwe unafanyia kazi chumbani kwako Kangemi. Mikataba ya aina hii huandikwa kwa kumfikiria mtu wa Stockholm au Montreal, na ikitua kwetu hubana mahali ambapo aliyeiandika hakupawazia kabla.

Usianze kwa kuuliza unapewa pesa ngapi. Uliza wanachukua nini. Anachonunua mchapishaji ni ruhusa: kuiuza gemu kwenye mashine fulani, katika nchi fulani, kwa lugha fulani, kwa miaka fulani, peke yake au pamoja na wengine. Kila ruhusa inaweza kutengwa na nyingine na kuuzwa kwa bei yake. Kifungu kinachosema "haki zote, kwa majukwaa yote yaliyopo na yatakayobuniwa, duniani kote, kwa muda wote wa hakimiliki" kinazizoa zote kwa mkupuo mmoja. Kwa sheria ya Kenya programu ya kompyuta inalindwa kama kazi ya maandishi, na ulinzi wake unadumu hadi miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Ukikubali kifungu hicho ukiwa na miaka 24, wajukuu wako watakuta mlango umefungwa.

Kisa cha Control

Umiliki, haki ya kuchapisha na haki ya kipekee ni mambo matatu, na kuna gemu moja inayoonyesha jinsi yanavyoachana. Studio ya Remedy ya Finland ilitoa Control mwaka 2019 kupitia mchapishaji 505 Games wa Italia. Jina na wahusika walibaki mali ya Remedy. Duka la Epic lilipotaka gemu hiyo iuzwe kwake tu kwa upande wa kompyuta, lililipa euro milioni 9.49. Pesa hizo zilipitia kwa mchapishaji, na Remedy ikapata asilimia 45 yake, kwa sababu ndivyo mkataba wao ulivyogawa mapato. Miaka ikapita, Remedy ikataka kujichapishia gemu zake yenyewe. Februari 2024 ilikubali kulipa takriban euro milioni 17 ili kuzirudisha mikononi mwake haki za kuchapisha Control na gemu nyingine za ukoo huo zilizokuwa bado zinaundwa.

Visome vizuri viwango hivyo viwili. Remedy ilikuwa mwenye mali tangu siku ya kwanza, na bado ililazimika kununua ruhusa ya kuiuza mali yake. Kwa hiyo mchapishaji akikuambia "usijali, gemu inabaki yako", mwambie asante, kisha umuulize: haki ya kuchapisha inarudi kwangu tarehe gani? Pesa za haki ya kipekee zikija, ni sehemu ya mapato tunayogawana, au ni zako? Neno "mapato" mwanzoni mwa mkataba lazima litaje kwa jina malipo ya haki ya kipekee, malipo ya huduma za kujisajili kama PlayStation Plus na Game Pass, na mauzo ya vifurushi. Kisichotajwa hapo ni vigumu kukidai baadaye.

Sheria yetu inasema nini

Sheria ya Hakimiliki ya 2001 ina vifungu viwili unavyopaswa kuvifahamu kabla ya kumpigia wakili simu. Kifungu cha 33 kinasema kwamba kuhamisha hakimiliki, au kutoa leseni ya kipekee, hakuna nguvu bila maandishi yaliyotiwa sahihi na anayetoa. Mliyoambiana kwa mdomo kwenye simu ya video hayatoshi kumpa mtu haki ya kipekee. Hata hivyo jihadhari na barua pepe, kwa kuwa nayo inaweza kuhesabiwa kuwa maandishi. Usiandike "nimekubali" kwa ajili ya adabu tu. Andika "nimepokea, nitajibu baada ya kuongea na wakili wangu".

Kifungu cha 31 kinanitia wasiwasi zaidi, na sioni kikizungumzwa vya kutosha. Kinasema mtu akiagiza kazi itengenezwe, hakimiliki huchukuliwa kuwa imehamia kwake yeye aliyeagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vinginevyo. Sasa fungua ule mkataba uone umeelezwaje. Ukikuta mchapishaji "amemwajiri msanidi kutengeneza gemu" na analipa kwa hatua, dola kadhaa kwa sampuli ya kwanza na kadhaa kwa toleo linalochezeka, kuna hatari kazi hiyo ikasomwa kama ya kuagizwa. Wazo ni lako, wahusika ni wako, ulianza miaka miwili kabla hajakujua, na bado ukimya wa mkataba unaweza kukuumiza. Dawa yake ni fupi. Omba iandikwe kwamba hakimiliki yote, ikiwemo msimbo, michoro, muziki, wahusika na jina, ni ya studio na inabaki kwa studio, na kwamba hakuna kitu katika mkataba huu kitakachohesabiwa kuwa kazi ya kuagizwa. Wakili ataipiga pasi lugha. Mchapishaji akikataa sentensi hiyo, amekuonyesha alichokuwa anakitafuta.

Kifungu hicho hicho kinakulinda unapomlipa mchoraji akuchoree mandhari ya Uhuru Highway wakati wa foleni: wewe ndiye uliyeagiza. Lakini vipi yule rafiki wa chuo aliyechora mhusika mkuu bure, kwa mapenzi tu? Vipi prodyusa wa Kawangware aliyekupa mdundo? Mchapishaji atakutaka uape kwamba kila kilichomo ni chako, na kosa likitokea gharama ni zako. Waandikishe wote karatasi ya ukurasa mmoja sasa, wakati bado mnacheka pamoja. Kuhusu muziki, leseni za vyama vya kukusanya mirabaha kwa kawaida ni za kupiga wimbo hadharani. Kuuweka wimbo ndani ya gemu kunahitaji ruhusa ya mwenye wimbo mwenyewe. Na kama umeajiriwa na kampuni ya programu na gemu unaiunda usiku, usome mkataba wako wa kazi kabla ya huu mwingine.

Kusajili kazi yako na Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, si sharti la kuwa na hakimiliki, lakini cheti chake ni ushahidi mzuri na usajili unafanyika mtandaoni. Jina la gemu ni suala la alama ya biashara, na hilo linakwenda KIPI, Taasisi ya Mali ya Viwanda. Usajili unadumu miaka 10 na unaweza kuhuishwa. Liandikishe kwa jina la studio yako, kamwe lisiandikishwe kwa jina la mchapishaji "kwa niaba yenu".

Wachezaji wako wako wapi?

Tembea Luthuli Avenue au maduka ya Moi Avenue utaona PS4 na PS5 zimepangwa nyuma ya vioo. Kisha panda matatu hadi Kawangware, uingie kibanda cha gemu. Kuta za mabati, televisheni mbili, benchi la mbao, na padi iliyoshikwa na vidole vingi hadi alama za vitufe zimefutika. Vijana wanalipa kwa mechi, anayefungwa anampisha anayesubiri. Muulize mwenye kibanda akaunti yake ya PlayStation imesajiliwa nchi gani. Atakutajia Marekani, au Uingereza, au Afrika Kusini. Hatakutajia Kenya, kwa sababu orodha ya nchi za mtandao wa PlayStation, miaka yote hii, haijakuwa na Kenya.

Hilo linabadilisha kabisa maana ya mkataba wa haki ya kipekee ukitiwa sahihi Nairobi. Studio ya Uswidi ikiipa PlayStation haki hiyo kwa mwaka mmoja, jirani yake bado anaweza kuinunua gemu. Wewe ukifanya hivyo, jirani yako ataifikia kwa akaunti ya nchi ya kuazima, na duka hilo halitapokea M-Pesa yake moja kwa moja. Watu waliocheza sampuli yako bure, wakakuambia ukweli, wakaisambaza video yako, ndio watakaofungiwa nje kwa mwaka ule ambao gemu ingezungumziwa zaidi.

Usidhani haya ni ya kinadharia. Helldivers 2 ya studio ya Arrowhead, iliyochapishwa na Sony, ilitoka Februari 2024 kwenye PS5 na kompyuta, na Wakenya waliinunua kwenye duka la Steam kama watu wengine. Mwanzoni mwa Mei Sony ikatangaza kwamba wachezaji wa kompyuta nao lazima waunganishe akaunti ya PlayStation. Steam ikaacha kuiuza gemu katika nchi zaidi ya 170 ambazo mtandao huo haupo, yetu ikiwemo. Kelele zilipozidi Sony iliondoa sharti hilo baada ya siku chache, lakini kuuzwa upya katika nchi hizo hakukurudi papo hapo. Waliotengeneza gemu hawakuwa na sauti ya mwisho, kwa kuwa haki ya kuchapisha haikuwa yao.

Mfano wa karibu zaidi na moyo wangu ni Tales of Kenzera: Zau. Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, aliitunga kutokana na msiba wa baba yake, na unaweza kuicheza yote kwa sauti za Kiswahili. EA iliichapisha Aprili 2024 kwenye PS5, Xbox, Switch na kompyuta, na siku hiyo hiyo ikaingia kwenye huduma ya PlayStation Plus. Kwa kuwa haikufungwa kwenye konsoli moja, Mswahili wa Nairobi mwenye kompyuta aliweza kuinunua bila kudanganya anakoishi. Fikiria ingefungwa kwa PlayStation pekee: gemu inayozungumza Kiswahili, isiyoweza kununuliwa kwa akaunti ya nchi yoyote ya Waswahili.

Kwa hiyo, ukikubali haki ya kipekee ya konsoli, toa nje mambo mawili kwa maandishi: simu, na eneo la Afrika Mashariki. Mchapishaji wa ng'ambo mara nyingi hana mpango wowote na soko la simu la Kenya, kwa hiyo kulitoa hakumgharimu kitu. Kwako ni mali halisi. Soko hilo lina wachapishaji wake: Ludique Works ya hapa Nairobi, Carry1st ya Cape Town. Januari 2024 Sony yenyewe, kupitia mfuko wake wa uwekezaji, iliweka pesa Carry1st, kampuni inayojulikana kwa gemu za simu. Wenye PlayStation wanajua Waafrika wanachezea wapi. Nawe usiiachie simu bure ndani ya kifungu cha "majukwaa yote".

Haki ya kipekee ina mwanzo na mwisho

Zipo gemu zinazobaki kwenye konsoli za kampuni moja kwa sababu mwenye konsoli ndiye aliyezigharamia. Nintendo iliibeba Bayonetta 2 mwaka 2014 na haijaonekana nje ya mashine za Nintendo. Studio ndogo kwa kawaida huletewa haki ya muda: miezi sita, mwaka. Hapo tazama saa inaanza lini. "Miezi 12 tangu gemu itoke" inasikika vizuri hadi mchapishaji aahirishe kuitoa mara mbili. Taka tarehe ya kalenda iongezwe: miezi 12 tangu itoke, au tarehe 30 Juni ya mwaka fulani, lolote litakalotangulia. Uliza pia kama unaruhusiwa kutangaza kwamba gemu itafika kwingine baadaye. Mikataba mingi inakufunga mdomo, na mchezaji anayedhani gemu haitafika kwake anakusahau.

Angalia vilevile kinachosemwa kuhusu gemu ya pili. Kumpa mchapishaji nafasi ya kuzungumza nawe kwanza, kwa siku 30, si vibaya. Kumpa haki ya kuichukua gemu kwa kufikia ofa ya mtu mwingine ni hatari zaidi kuliko inavyoonekana, maana hakuna atakayejisumbua kukuletea ofa nzuri akijua itatumiwa na mwingine.

Na bei ya haki ya kipekee? Dunia inaelekea kufungua milango. Mei 2024 Square Enix, iliyokuwa imeipa PS5 Final Fantasy XVI peke yake, ilitangaza kwamba itapeleka gemu zake kubwa kwenye majukwaa mengi. Microsoft imepeleka gemu zake kwa washindani, na Agosti 2025 Helldivers 2 ilifika Xbox. Haki ya kipekee inamgharimu msanidi hadhira na wanunuzi, na wakubwa wameshapiga hesabu hiyo. Anayeitaka kwako ailipie kando, zaidi ya malipo ya awali ya kuimaliza gemu. Ukiona mkataba unatoa kiasi kimoja kwa vyote viwili, haki ya kipekee umeitoa zawadi.

Piga hesabu mwenyewe

Tuseme gemu inauzwa dola 10 na imeuza nakala 10,000. Hizo ni dola 100,000. Steam inachukua asilimia 30, zinabaki 70,000. Tuache kando nakala zilizorudishwa na kodi za mauzo. Mchapishaji alikupa malipo ya awali ya 40,000 na anasema matangazo yamekula 15,000. Mkataba unasema mtagawana nusu kwa nusu baada ya gharama kurudi.

Gharama zikirudishwa kutoka kwenye mapato yote, unatoa 55,000 kwenye 70,000, zinabaki 15,000, fungu lako ni 7,500. Zikirudishwa kutoka kwenye fungu lako peke yake, mambo ni mengine: nusu yako ni 35,000, inamezwa yote, hupati hata senti, na bado kuna 20,000 zinazosubiri mauzo yajayo. Mchapishaji amechukua 70,000 zote. Tofauti ya mikataba hii miwili ni maneno machache tu, na mara nyingi yako kwenye ukurasa wa maana za maneno ambao watu wanauruka.

Kwa hiyo taka gharama zitoke kwenye mapato yote. Weka kikomo cha gharama za matangazo, na kinachozidi kikomo kisikatwe bila idhini yako ya maandishi. Iandikwe kwamba malipo ya awali yanarejeshwa kutokana na mauzo tu, kamwe si kutoka mfukoni mwako. Hasara ya gemu hii isikatwe kwenye mrabaha wa gemu nyingine. Taka taarifa ya mauzo kila robo mwaka na haki ya kumtuma mkaguzi. Wanamuziki wetu wamelalamikia mirabaha kwa miaka mingi kwa sababu hesabu ziko kwa wengine. Usiingie humo ukiona.

Kodi nayo ina mahali pake. Marekani hukata asilimia 30 ya mrabaha unaotokana na mauzo ya kule, ikiwa mpokeaji ni wa nchi isiyo na mkataba wa kodi nayo, na Kenya haina. Tuna mikataba na Uingereza, Ujerumani, Ufaransa na Uswidi, kwa hiyo mchapishaji wa huko anaweza kukulipa kwa makato madogo zaidi. Muulize mhasibu kabla ya kutia sahihi, na hakikisha kodi aliyokatwa mchapishaji haihesabiwi mara mbili kwenye fungu lako.

Mkikosana, na siku ya kuachana

Karibu na mwisho wa faili utakuta kwamba migogoro itaamuliwa na mahakama za California au London. Studio ya watu wanne haiwezi kumudu hilo, na mchapishaji analijua. Pendekeza usuluhishi, ikiwezekana kupitia Nairobi Centre for International Arbitration, kituo kilichoundwa kwa sheria ya 2013, au angalau vikao vifanyike kwa video na kila upande ubebe gharama zake. Huenda usipewe yote, lakini omba.

Usimwache wakili wa ardhi akusomee mkataba huu kwa sababu ni binamu yako. Mtafute anayefanya kazi za hakimiliki, umlipe kwa saa chache, na umpelekee maswali yako yakiwa yameshaandikwa.

Mwisho, taka kifungu cha haki kurudi. Mchapishaji asipoitoa gemu ndani ya miezi 12 tangu umkabidhi toleo kamili, akifilisika, asipolipa kwa robo mbili mfululizo, au mauzo ya mwaka yakishuka chini ya kiasi mnachokubaliana, haki za kuchapisha zinarudi kwako bila malipo. Na kurudi kuelezwe kwa vitendo, kwa sababu hapo ndipo wengi wanakwama: ukurasa wa gemu kwenye Steam na kwenye maduka ya konsoli uhamishiwe akaunti yako pamoja na maoni ya wanunuzi na orodha ya wanaoisubiri, ukabidhiwe faili za matoleo ya konsoli yaliyogharamiwa kwa pesa za mradi, pamoja na nywila za kurasa za mitandao ya kijamii zenye jina la gemu, yote ndani ya siku 60. Taja pia jina la cheo cha mtu atakayewajibika kufanya hivyo upande wao, na anwani ya barua pepe ambayo haitakufa siku mfanyakazi mmoja akiacha kazi.